Pose ya Thelathini na Sita

Juma lililopita tulimzika Papa, na jana nilifungua mkebe wake wa maziwa ya unga. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu. Nilikipenyezea ncha ya kisu, kikaachia, na harufu ya siki ikanipanda puani kabla sijaona kilichomo. Negatifu za zamani zikifungiwa miaka mingi mahali pasipo hewa huanza kunuka hivyo. Kuna maelezo yake ya kikemia, nimeyasoma, na ningeweza kuyaandika hapa nikaonekana mjuzi. Lakini pua haikungoja maelezo. Ilinirudisha kwenye chumba cha nyuma cha studio yetu pale Butembo, ambamo Papa alisafisha foto nyeusi na nyeupe kwa dawa yenye harufu hiyo hiyo, nina miaka minane, nimekaa juu ya kreti ya limonadi, nimekatazwa kugusa kitu chochote.

Papa alikuwa mpiga foto. Studio yetu ilikuwa na kitambaa cha bluu ukutani, benchi moja, kioo kidogo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili mteja asitoke nacho. Alipiga foto za kadi, za komunyo ya kwanza, za arusi, za wanafunzi waliomaliza shule na kutaka kuonekana wameshika kitabu. Hizo ndizo zilizotulisha. Alichokipenda yeye ni ndege wadogo. Tai na korongo hakuwataka. Alisema hao hata mtoto anaweza kuwapiga. Alitaka vile viumbe vyepesi vinavyoimba ndani ya kichaka, ambavyo ukigeuza shingo vimeshahama. Kamera yake, apareyi kama tunavyosema kwetu, ilikuwa ya Kirusi, yenye lenzi ndefu, na aliachiwa na padri mzungu aliyerudi kwao vita vya kwanza vya nchi yetu vilipoanza.

Filimu moja ilikuwa na pose thelathini na sita, yaani foto thelathini na sita. Papa alikuwa na sheria yake, na sijapata kumsikia mpiga foto mwingine mwenye sheria kama hiyo: pose thelathini za mwanzo ni za wateja, sita za mwisho ni za ndege. Na filimu haitolewi mpaka imekwisha. Kwa hiyo bibi arusi aliyepigwa foto Jumatano alilazimika kungoja hadi Papa aende shambani Jumapili, na Jumapili ikinyesha angoje nyingine. Watu walikuja kunung'unika mlangoni.

"Papa Paluku, foto yangu iko wapi?"

"Inangoja ndege."

Jibu hilo lilijulikana mtaa mzima. Ukimwuliza mwenye duka la jirani kama sukari imefika, alikuambia inangoja ndege. Paluku, kaka yangu mkubwa, akiulizwa na mwalimu kwa nini hajaleta kazi ya nyumbani, alijibu vivyo hivyo na kuchapwa.

Watu walifikiri Papa ndiye aliyejua ndege. Ukweli ni kwamba Papa alijua mwanga tu. Aliyejua ndege alikuwa Mama. Mama alizaliwa Vuhovi, na shamba letu la maharage lilikuwa huko, karibu na nyumba ya mama yake, ambaye kwa Kinande tulimwita Mukaka. Mama angeweza kuwa analima, jembe liko hewani, halafu asilishushe. Alinyanyua kidevu kidogo, akasikiliza, kisha akamwonyesha Papa kichaka gani, upande gani, juu au chini. Kila ndege alikuwa na jina kwa Kinande. Mengine nadhani aliyatunga mwenyewe. Sikujua kutofautisha, na leo sijui lipi lilikuwa la lugha yetu na lipi lilikuwa lake. Mengi nimeyasahau. Ninalolikumbuka vizuri ni la yule mwenye nyusi nyeupe, kifua cha rangi ya chungwa iliyofifia, aliyeimba mstari mmoja na kuurudia, na kuurudia tena. Mama alimwita Mwalimu.

Ili lenzi ile iweze kumshika ndege mdogo, ilibidi Papa awe hatua mbili tu kutoka kwake, na hakuna ndege anayekubali hilo. Wale wa shamba letu walikubali kwa sababu walikuwa wamemzoea Mama tangu wakati wa palizi. Basi kazi ilifanyika hivi. Mama alisimama kando ya kiota, akanyoosha mkono, akayasogeza majani kwa vidole, akatulia kama kisiki. Papa alipiga magoti nyuma, viwiko juu ya paja. Ndege alirudi na mdudu mdomoni, akamtazama Mama, akaendelea na shughuli zake. Na kila mara, katika kona ya foto, mkono wa Mama uliingia.

"Toa mukono, mama Paluku. Unaharibu foto."

"Nikitoa mukono, majani inarudia. Chagua. Mukono ao majani."

"Toa kidogo."

"Kidogo ni vidole ngapi?"

Walisemezana hivyo kwa mnong'ono, kama watu wanaogombana kanisani. Mimi nilikaa kwenye nyasi na kuziba mdomo nisicheke. Foto zenye mkono Papa aliziita zilizoharibika. Alituambia alikuwa akizitupa.

Mimi sikuruhusiwa kuigusa apareyi, wala kuchungulia ndani yake. Nasema hili kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametoka hapo. Nilichojua ni kwamba Papa anaielekeza mahali, inasema kla, na kila kilichoko mbele yake kinaingia: mlima, shamba, mti, mtu. Sikujua kwamba lenzi ndefu huona kipande kidogo tu, kisichozidi sahani. Kwangu mimi apareyi ilikuwa mlango, na mlango ukifunguka wote waliosimama nje huingia.

Mama hakuwa na foto hata moja. Foto ya arusi yao na kadi yake ya kitambulisho viliungua pamoja na nyumba yao ya kwanza, kule Beni, kabla mimi sijajua kusema. Baada ya hapo mambo yalikuwa wateja kwanza, ndege baadaye. Na Mama mwenyewe alikuwa na sababu zake. Leo ametoka shambani, kesho nywele hazijasukwa. Alisema siku ya fete, ikija sikukuu, atavaa wax yake ya bluu, kitenge chake kizuri, aje studio kama mteja, akae juu ya benchi na kupigwa mzima, toka kichwa mpaka viatu.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumapili. Tulitoka misa, tukashika njia ya Vuhovi. Wakati huo milima ilikuwa na wapiganaji na mji ulikuwa na askari, na baina yao kulikuwa na mashamba yetu. Watu walikwenda kulima asubuhi na kurudi jua lingali juu. Papa alikuwa ameacha kubeba lenzi yake wazi, maana askari wa kizuizini waliwahi kuidhani silaha. Sasa ilisafiri ndani ya kikapu cha Mama, chini ya sombe, majani ya muhogo. Mama alikuwa akipita kizuizini nayo mgongoni, akiwasalimia askari kwa Kilingala chake kibovu, nao walimcheka na kumwacha.

Mwalimu alikuwa amejenga kwenye ukingo wa shamba, chini ya majani ya kangaga. Papa alimpiga pose tano. Halafu akasimama, akasogeza filimu kwa kidole gumba, na akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akilisema.

"Mama Paluku, simama pale nikupige. Imebakia moja."

Mama alicheka. Alimwonyesha mikono yake miwili, imejaa udongo hadi vifundoni, na kikwembe chake, kitenge cha kulimia kilichopauka. Filimu za rangi zilikuwa zikisafishwa Kampala, kwa hiyo alimwuliza kama anataka watu wa Kampala wamwone namna ile. Kisha akamgeuzia mgongo, akarudi kwenye kiota.

"Piga ndege," alisema. "Ndege njo anakimbia. Miye niko."

Akayasogeza majani. Papa akapiga magoti. Mwalimu akaja na mnyoo, akatua kwenye kijiti mbele ya kiota. Nilingoja Papa aseme neno lake la siku zote ili nizibe mdomo wangu. Hakusema. Nilifikiri anaogopa kumfukuza ndege. Alikaa muda mrefu, akizungusha pete ya lenzi mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka magoti yangu yakaanza kuwasha kwenye nyasi. Kla. Filimu ikaisha. Jioni hiyo tulikula maharage mabichi ya Mukaka na hakuna kilichokuwa tofauti na Jumapili nyingine.

Jumatatu Papa alimpa filimu tantine Kasoki, shangazi wa heshima kwa mtaa mzima, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda Kampala kwa njia ya Beni na Kasindi. Alihesabiwa kuwa mwaminifu kuliko posta, na hilo halikuwa jambo gumu, maana posta haikuwepo.

Alhamisi Mama alikwenda shambani na wanawake wengine watatu. Wapiganaji walikuwa wamepita mlimani, askari wakawa wanapanda nyuma yao, na wale wanawake wakajikuta katikati. Watatu walirudi. Nimewauliza, wote, kwa miaka mingi, kila mmoja peke yake, risasi ilitoka upande gani. Mmoja anasema juu, mmoja anasema chini, wa tatu anasema alikuwa amelala kifudifudi na hakuona kitu. Namwamini wa tatu. Walimkuta kati ya matuta, jembe bado liko chini ya mkono.

Kwetu, maiti inapotolewa nyumbani, mtoto wake mkubwa hutangulia mbele akibeba foto yake ndani ya kadre, fremu yenye kioo. Watu barabarani huangalia foto wajue wamvulie nani kofia. Asubuhi ya mazishi Paluku alisimama uani na mikono mitupu, na Mukaka akamwuliza Papa foto iko wapi. Uani kulikuwa na watu wengi, wakiwemo bibi arusi wa zamani na watoto wa komunyo ambao Papa aliwapiga wote. Papa aliangalia viatu vyake. Sidhani kama kuna aibu kubwa zaidi iliyowahi kumshika mtu wa kazi ile kuliko aibu ya dakika ile.

Mimi ndiye niliyesema. "Foto iko. Niliona. Papa alimupiga Mama kule Vuhovi, siku ya Mungu."

Watu wote walimgeukia. Mukaka akamshika mkono. "Ni kweli?"

Papa akasema, "Filimu iko Kampala."

Nimelipima jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyopima jambo lolote nililofundishwa chuo kikuu. Kila neno lake ni kweli. Na si jibu.

Paluku alitangulia na msalaba tu. Tuliporudi kutoka makaburini Mukaka alikwenda mwenyewe studio, akachagua kadre nzuri, nyeusi yenye pembe za dhahabu, akaipigilia ukutani sebuleni ikiwa tupu. Alisema nafasi ya mtu haiachwi wazi hivi hivi, hukaliwa na kiti chake mpaka arudi. Wageni wa matanga waliokuja siku zile walikaa chini ya kadre ile na hawakujua waangalie wapi.

Sikulia. Watu walinisifu kwa hilo, wakasema Kahindo ana moyo wa mtu mzima. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa nimeelewa mambo kwa njia yangu. Mama aliingia kwenye apareyi Jumapili, nilimwona akiingia. Apareyi ilitolewa filimu Jumatatu. Tantine Kasoki aliiweka filimu ndani ya mfuko wake, akapanda gari. Basi yule waliyemshusha shimoni Ijumaa alikuwa nani? Sikujua, na sikujali sana. Mama alikuwa njiani. Alikuwa Kasindi, alikuwa Kampala, anasafishwa, mikono yake inatoka udongo. Shangazi waliponifunga kitambaa cha msiba niliwaacha wanifunge, kwa heshima, kama unavyomwachia mtu aliyekosea akosee.

Majuma yakapita. Barabara ya Beni ikafungwa kwa magari ya mizigo, ikafunguliwa, ikafungwa. Siku moja Paluku alitumwa dukani kuuliza chumvi, na mwenye duka, kwa mazoea tu, akamjibu inangoja ndege. Halafu akajishika mdomo. Akampa chumvi bure. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyelisema tena neno lile mtaani kwetu, hata kwa utani.

Hatimaye dereva mmoja wa pikipiki alileta habari kwamba tantine Kasoki amefika Beni, mizigo yake imezuiwa huko, na foto anazo. Papa akasema atakwenda peke yake. Nikasema nami nakwenda. Akasema njia ni mbaya. Mukaka, aliyekuwa akichambua maharage, hakuinua hata kichwa.

"Muende naye. Yee njo aliona."

Tulikwenda kwa pikipiki, mimi katikati ya dereva na Papa. Nilikuwa nimebeba kikwembe cha bluu cha Mama, ile wax yake, ndani ya mfuko wa plastiki, nimekikunja mwenyewe. Papa aliniuliza ni cha nini. Nikamwambia Mama atasikia baridi tukirudi, Butembo ni baridi kuliko Beni. Nilihisi kifua chake kikisimama mgongoni mwangu, kisha kikaendelea kupumua.

Tantine Kasoki alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba ya ndugu yake, katikati ya marobota ya vitenge, anajipepea kwa kipande cha katoni. Beni kulikuwa na joto na vumbi jekundu lililoingia hadi ndani ya chai. Alinikumbatia, akampa Papa pole, akalia kidogo. Kisha akatoa bahasha. Papa akaipokea kwa mikono miwili, akakaa, akaiweka juu ya goti. Akaitazama. Chai yake ikapoa.

"Fungua, Papa Paluku," tantine Kasoki alisema. "Mutoto anangoja."

Alifungua. Alizipitisha moja moja, kwa haraka, kama mtu anayegawa karata: bibi arusi, bibi arusi na bwana, watoto wa komunyo, mzee mmoja na redio yake, msichana na kitabu. Thelathini. Halafu ndege, moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya mwisho aliishikilia. Niliichukua mkononi mwake.

Kulikuwa na majani ya kangaga. Kulikuwa na Mwalimu juu ya kijiti chake. Na upande wa kushoto kulikuwa na mkono, vidole vinne na kidole gumba, vimeshika majani, mpaka pale kifundo kinapoanza. Hapo foto ikaishia.

Niligeuza nyuma. Nilitafuta Mama aliyebaki nyuma ya karatasi. Kulikuwa kweupe.

"Ingine iko wapi?"

"Njo hiyo, Kahindo."

"Lakini ulimupiga. Niliona."

Tantine Kasoki alimwangalia Papa, akaacha kujipepea. "Na weye ulijua," alimwambia, kwa sauti ya chini, bila kuuliza. Papa akaanza kuzirudisha foto za wateja ndani ya bahasha, akizipanga vizuri, pembe kwa pembe.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia Mama akiwa amekufa majuma sita, peke yangu, wakati wote waliokuwa wamemlia walikuwa wamenyamaza. Nililia hadi dereva wa pikipiki akakataa kuondoka kwa kuhofia nitaanguka. Kikwembe cha bluu nilikisahau kwenye baraza ile. Tantine Kasoki alikileta mizigo yake ilipoachiliwa, amekifua na kukipiga pasi, na sijui hadi leo kama alifanya vema. Kilikuwa na harufu ya Mama.

Mukaka alikuwa mlangoni tulipofika. Alinyoosha mkono, Papa akampa foto bila kumwangalia. Alikwenda nayo kwenye mwanga. Nilingoja alie au amtukane. Alileta foto karibu na macho, akaipeleka mbali, akaileta tena.

"Ile kucha," alisema. "Ya kidole gumba. Muangalie."

Kucha ya kidole gumba ilikuwa imegawanyika katikati, mstari mweusi toka juu hadi chini. Sikuwahi kuiona, na nilikuwa nimeshikwa na mkono ule kila siku ya maisha yangu.

"Jembe njo lilimukata. Alikuwa mudogo kama weye. Mi njo nilimufunga na jani." Akapangusa foto kwa upindo wa kikwembe chake. "Ni mutoto wangu huyu. Leta kadre."

Foto ilikuwa ndogo kuliko kadre, ikabaki na ukingo mpana wa karatasi nyeupe kila upande. Ilitundikwa juu, pale pale. Wageni waliona ndege, wakauliza, na mmoja wetu alilazimika kueleza. Papa hakuwahi kueleza. Hakuwahi pia kupiga ndege tena. Filimu zake sasa zilijaa watu mpaka mwisho, na wateja walipata foto zao upesi.

Mimi nilikua, nikaenda chuo, nikajifunza kuuliza. Niliuliza padri kuhusu Mungu, nikawauliza walimu kuhusu historia waliyotufundisha, nikawauliza wanasiasa waliokuja kuomba kura walikuwa wapi miaka ile. Nilijivunia sana. Likizo ya mwaka wa kwanza nilikaa na Papa studio, yeye anafuta lenzi kwa kitambaa, na nikamwuliza nililobeba tangu Beni. Sikumwuliza hasa. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba alikuwa na pose moja na mke mmoja, na akapiga ndege. Kwamba aliniacha nidanganye uani mbele ya jeneza, na kadre ikakaa tupu majuma sita, kwa sababu aliogopa kusema neno moja.

Alifuta lenzi. Alipuliza vumbi, akafuta tena. "Ulikuwa mudogo," alisema.

Nikamwambia hilo si jibu. Nikatoka. Tulikaa miaka tisa baada ya hapo tukisalimiana vizuri, tukila pamoja sikukuu, nikimtumia dawa za presha, na hatukulirudia.

Kwa mazishi yake mwenyewe Paluku alilazimika kukuza foto ya kadi yake ya kura, iliyopigwa na mtu asiyejua mwanga. Amefumba jicho moja.

Sasa huu mkebe. Nilidhani una negatifu za wateja. Hakuna mteja hata mmoja. Ni pose moja moja, zimekatwa kwa mkasi, kila moja imefungwa kwa karatasi ya daftari la shule. Niliinua ya kwanza dirishani. Ndege, majani, mkono. Ya pili, mkono. Ya tatu. Ni zile zilizoharibika, zote, za miaka yote, alizotuambia amezitupa. Niliwasha taa ya meza, nikachukua kioo chake cha kukuzia, nikakaa nazo hadi mgongo ukauma. Katika kila moja ndege yuko wazi, unaweza kuhesabu manyoya ya kifua, na mkono ni kama moshi uliopita. Ndivyo lenzi ile ilivyo. Kwa umbali ule inaona wazi unene wa kiganja tu, na lazima mpigaji achague kwa kuzungusha pete. Alichagua ndege, kila mara, kwa ufundi mkubwa.

Ya mwisho chini ya mkebe, ile ya Jumapili ya Vuhovi, ina namba pembeni, thelathini na sita.

Nilikwenda sebuleni, nikapanda kiti, nikaishusha kadre. Nakiri kwamba tangu utotoni sikuwahi kuitazama foto ile kwa karibu. Nilijua ilivyo, kwa hiyo sikuhitaji. Nikapangusa kioo. Nikaiweka chini ya taa.

Mwalimu ni ukungu. Nyusi zake nyeupe zimekuwa doa. Lakini mkono uko wazi. Udongo uko kwenye mikunjo ya vidole, punje kwa punje. Ile kucha. Jasho kidogo, au umande, juu ya kifundo.

Paluku aliingia, nikamwonyesha. Akatazama, akasema ndege alitikisika tu, dada, usianze. Hilo lilikuwa wazo langu la kwanza pia, maana mimi si mtu wa kuamini haraka. Ndege hutikisika. Lakini kijiti alichokanyaga nacho ni ukungu, na kijiti hakikwenda popote. Kiota ni ukungu. Majani ya nyuma ni ukungu. Katika foto nzima kuna kitu kimoja tu kilicho wazi, na mtu aliizungusha pete muda mrefu ili kiwe wazi, nami nilikuwepo, magoti yakiniwasha.

Sijui kwa nini hakusema. Labda mbele ya jeneza mkono ulikuwa kitu kidogo mno cha kutaja, labda hakuwa na hakika kama umetokea wazi. Labda alinisemesha siku ile studio na sikusikia. Ningeweza kumwuliza majuma mawili yaliyopita.

Nimeirudisha kadre ukutani. Nimeishusha kidogo, ili iwe usawa wa macho. Na nimebaki hapa na harufu ya siki, nikisikiliza tena Jumapili ile toka mwanzo, hatua kwa hatua, kama shahidi anayejua kwamba safari hii ataulizwa: ndege anakuja, Mama ametulia, mimi nimeziba mdomo tayari kwa kicheko, nangoja Papa aseme toa mukono, na Papa hasemi.